Mvumo Nyuma ya Salamu

Kaseti ilirudi kwetu mwaka jana, baada ya mama mkubwa kufariki huko Burundi. Mwanawe aliyekuja kutupa habari za msiba aliitoa kwenye mfuko, imefungwa ndani ya kipande cha kitenge, akamkabidhi baba mkononi bila maelezo mengi. Ilikuwa barua. Nilipokuwa mdogo, watu wa kwetu wenye ndugu ng'ambo ya mpaka hawakuandikiana sana, kwa sababu wengi hawakujua kuandika. Walirekodi kaseti, wakampa msafiri, na majibu yakija, yalikuja kwa kaseti vilevile. Hii mama aliirekodi kwa ajili ya dada yake, mimi nikiwa darasa la pili. Miaka miwili baadaye mama akafa kwa uzazi. Picha yake tunayo moja, amesimama katikati ya wanakwaya wenzake. Sauti yake nilikuwa siikumbuki kabisa. Niliona aibu kwa hilo, na sikuwahi kumwambia mtu.

Wakati huo baba alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani Murungu kutoka hospitali. Moyo ulikuwa umepanuka, miguu imejaa maji. Daktari alituambia kwa upole kwamba ni vizuri mzee akapumzika na watu wake, na kila mwenye akili alielewa. Kaka yangu yuko machimboni huko Geita, kwa hiyo aliyekuwa akimhudumia ni wifi, mke wa kaka, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyochoka. Nilipofika kuwasalimia, baba aliniita karibu, akaniwekea ile kaseti mapajani.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwetu, "nataka nimsikie mama yenu kabla sijaondoka."

Ndilo ombi pekee aliloniomba katika ugonjwa ule. Na aliniomba mimi kwa sababu mimi ni fundi. Nina kibanda Kasulu mjini, natengeneza redio, amplifaya, sabufa, na siku hizi vifaa vya sola. Baba alikuwa fundi kabla yangu. Kulehemu nilijifunzia kwenye meza yake, nikiwa bado sifikishi viwiko juu ya ubao wake. Kisha nikaenda chuo cha ufundi, nikarudi na cheti na majivuno, na tangu siku hiyo, kila tulipokuwa na redio moja mezani mimi na yeye, nilikuwa mimi ninayesema na yeye anayenyamaza.

Redio kaseti yake ya zamani ilikuwa bado ipo, ndani ya gunia chini ya kitanda. Sehemu ya betri ilikuwa imeliwa na maji ya betri zilizooza humo miaka mingi, springi zimegeuka unga wa kijani. Lakini pembeni lilikuwepo tundu la adapta, volti tisa. Niliichukua mpaka Kasulu, nikasafisha kichwa cha kusomea, nikabadilisha mkanda wa mpira, nikaichomeka kwenye adapta ya dukani, moja ya hizi nyepesi za siku hizi. Ilipiga mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Nikaitupa pembeni. Adapta hizo ni nzuri kwa simu, lakini ndani yake umeme hukatwakatwa mara maelfu kwa sekunde, na redio ya zamani husikia kila mkato. Nikasema nitatengeneza yangu, ya kizamani, yenye transfoma nzito na regyuleta. Na nikasema haitakuwa ya kuungaunga waya juu ya kipande cha ubao kama baba alivyozoea. Itakuwa na bodi yake ya shaba, iliyochorwa.

Watu wengi hawajui kwamba kuchora bodi ni kazi ya kukaa kimya. Una transfoma, kwangu ilikuwa ya sabufa iliyokufa. Una dayodi nne za kunyoosha umeme, una kapasita kubwa ya kuuhifadhi, una regyuleta ya miguu mitatu ya kuutuliza, na rezista mbili za kuiambia regyuleta itulie kwenye volti ngapi. Vitu kumi hivi na kitu. Saketi yenyewe mwanafunzi anaweza kukuchorea kwa dakika tano. Ugumu ni kuvipa vitu hivyo mahali pa kukaa, na kupitisha njia za shaba kati yake bila njia moja kukatiza nyingine, kwa sababu bodi yenye shaba upande mmoja tu haina daraja. Nilichora kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba vidogo, nikafuta, nikachora tena. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza. Wateja walikuwa wachache, ukungu ulikaa mjini mpaka saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimejifunga sweta na kuinamia daftari. Nisiseme uongo, nilifurahi. Baba anakufa na mimi nafurahia mstari ulionyooka.

Bodi ya kwanza niliichora kwa maka peni moja kwa moja juu ya shaba, nikaitumbukiza kwenye dawa ya kutafuna shaba ndani ya beseni la plastiki, nikalitikisa mpaka sehemu zisizo na wino zikaisha. Ilitoka nzuri. Njia ya hasi niliizungusha pembeni mwa bodi yote kama upindo wa kitambaa, na kila kitu nikakiangika hapo: kapasita, rezista, na waya wa kwenda kwenye redio. Nikaionyesha kwa fundi simu wa jirani, akasema imetoka kiwandani. Nikaamini.

Jumapili nikapanda gari kwenda Murungu. Baba alikuwa ameketishwa nje kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya stuli, blanketi mabegani. Wifi akaleta meza ndogo, tukavuta waya wa umeme kutoka ndani kupitia dirishani. Nikabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo, mzito, wa chini, wa umeme usiotulia. Kisha ndani ya mvumo ule sauti ya mwanamke ikasema, "Amahoro, dada." Ilikuwa sauti nene kuliko nilivyofikiri. Akaanza kusalimu. Barua za kaseti zilianza hivyo zote, na mtu wa kwetu hawezi kuingia kwenye jambo lake kabla hajaulizia kila mtu: mume wa dada, watoto mmoja mmoja, ng'ombe mwekundu kama amezaa, mama mkwe na goti lake, jirani wa mlima wa pili, mchungaji, mke wa mchungaji. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakishuka pembeni mwa pua na yeye hayafuti.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza mvumo.

Mama hajamaliza hata watoto wa dada yake nikabonyeza kuzima. Baba akainua kichwa.

"Mbona umemnyamazisha?"

"Inavuma, baba. Ni bodi. Njia ya hasi nimeipitisha vibaya."

"Mwache aongee."

"Nitaitengeneza. Nataka umsikie vizuri."

"Namsikia vizuri." Akavuta pumzi, maana sentensi mbili kwake zilikuwa mlima. "Na mvumo huo si wako. Ulikuwepo tangu siku ile."

Nilitabasamu, lile tabasamu ambalo vijana tunawapa wazee. Nilijua nilichokosea. Nilikuwa nimekiona pale pale: kapasita kubwa inapojazwa huvuta umeme kwa mikupuo mikali, na mimi nilikuwa nimeupitisha mkupuo huo kwenye njia ileile ambayo redio inarudishia umeme wake. Ni kama kuchota maji ya kunywa chini ya pale watu wanapofulia. Hata kaseti iliposimama mvumo ulikuwepo, nikamwonyesha baba: unasikia, mama hasemi na bado inavuma. Kwa hilo nilikuwa sahihi, na ndilo lililoniponza.

Nilifungasha vitu vyote. Bodi, redio, na kaseti. Baba aliomba kaseti ibaki. Nikamwambia nitaihitaji kujaribia, na tena huku kuna unyevu, itaota ukungu. Wifi alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Wifi, si umwachie tu jamani?"

"Jumamosi narudi nayo. Siku sita tu."

"Basi irekodi kwenye simu, uache hapa simu ndogo asikilize."

"Nirekodi makosa?" nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa kali. Aligeuka akaingia ndani. Baba alikuwa ameshafumba macho, sijui kwa usingizi au kwa kuchoka na mimi.

Bodi ya pili niliipanga kwa kompyuta, laptopu niliyoazima. Nilijiambia mkono wangu ndio uliokosea, sasa iwe ya kitaalamu. Njia za shaba nikazipanua. Kila kitu kinachohitaji hasi nikakipa njia yake peke yake, zote zikakutana kwenye nukta moja tu, kwenye mguu wa kapasita, hapo na si pengine. Nilikaa siku mbili nikisogeza regyuleta nusu sentimita huku, nusu kule, ili ipate nafasi ya kipande cha aluminiamu cha kutolea joto. Namna hii ya kutengeneza bodi, unachapa mchoro kwenye karatasi ya kung'aa ya kalenda, unaulaza juu ya shaba na kuupiga pasi ya nguo, wino unahama. Lakini kwa kuwa unalaza kifudifudi, mchoro lazima uchapwe kinyume, ili ukihama unyooke. Nikaugeuza kwenye kompyuta, nikaupeleka stationari. Juu ya mchoro nilikuwa nimeandika CHANYA na HASI na jina la ukoo wetu, kwa majivuno, kwa hiyo maandishi nayo yakawa kinyume.

Dada wa stationari ni binti mpole sana. Aliponipa karatasi zangu nilikuwa na haraka, mvua inataka kunyesha, nikazikunja ndani ya daftari nikakimbia. Nilipiga pasi, nikaitafuna shaba, nikatoboa matundu, nikalehemu kila kitu. Nilipowasha, regyuleta ilitoa moshi. Nikageuza bodi, nikatazama, na maandishi yalikuwa kinyume. Nikamrudia.

"Ah dada," akasema akicheka kwa furaha ya mtu aliyemsaidia mwenzake, "maandishi yako yalikuwa yamegeuka, nikajua umekosea, nikakunyooshea. Hata hela ya ziada sijakuchaji."

Ningeweza kumkaripia. Nilitaka kumkaripia. Lakini alikuwa amenitendea wema, kama mimi nilivyoamini kwamba namtendea baba, na ingawa wakati ule sikuona kufanana huko, kuna kitu kilinizuia. Nilimshukuru nikatoka. Jumamosi ikapita. Kipande cha shaba kilikuwa cha mwisho, na vingine pamoja na regyuleta mpya ilibidi vije kwa basi kutoka Kigoma. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua, mzigo ukachelewa siku tisa.

Wifi alipiga simu katikati ya siku hizo, akaweka sauti kubwa, baba aongee. Alipumua kwanza kwa muda mrefu.

"Mwana wanje, kaseti?"

"Inakuja, baba. Nasubiri mzigo mmoja."

"Ule mvumo..." Akapumzika. "Ule mvumo ni wa siku ile. Mimi nilikuwepo."

"Sawa, baba. Nakuletea safi kabisa, utaona."

Akasema sawa. Nilikata simu nikamwambia yule fundi simu jirani kwamba mzee sasa anachanganya mambo. Nilisema hivyo. Naandika kwa sababu nilisema.

Mzigo ulipofika nikatengeneza upya, mchoro nikiushika mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kuchapia, binti wa watu akinitazama kwa huzuni. Bodi ya pili iliwaka vizuri. Nikachomeka redio bila kubonyeza kaseti, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Kimya ambacho sijawahi kukipata kwenye kifaa nilichotengeneza kwa mikono yangu. Niliweka sikio kwenye spika na nilisikia mvua tu ikipiga bati. Nilicheka peke yangu. Kisha nikabonyeza kaseti, mama akasema "Amahoro, dada," na mvumo ukawa naye.

Nitaeleza nilivyofikiri, maana sikuwa mjinga, na kama ningekuwa mjinga pengine mambo yangekwenda vizuri zaidi. Kaseti ikisimama, kimya. Kaseti ikizunguka, mvumo. Nikasema: mota. Mota ya kuzungusha kaseti inavuta umeme mwingi, kapasita inashindwa kujaza pengo, mvumo unaingia. Ilikuwa hoja nzuri. Nilipima kwa mita mota ikiwa inazunguka, na mita ikaniambia umeme umetulia. Nikasema mita ni ya bei rahisi, haioni vitu vidogo. Kila ushahidi uliokuja mbele yangu niliupatia sababu ya kukaa nje. Sikutoa kaseti ile nikaweka kaseti nyingine. Kaseti za kwaya zipo tele sokoni Kasulu, kwenye meza za vitu chakavu, mita mia mbili kutoka kibandani kwangu. Sikufikiria hata mara moja, kwa kuwa mashaka yangu yote yalikuwa juu ya bodi, na bodi ndiyo niliyoipenda.

Nikachora ya tatu. Kapasita mbili badala ya moja. Mota nikaipa njia yake ya chanya na njia yake ya hasi kutoka mwanzo kabisa, isikutane na sauti popote. Ni bodi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Kila kona niliikata kwa nyuzi arobaini na tano, risasi ya kulehemu imekaa kwenye matundu ikiwa inang'aa, hakuna tone lililozidi. Kila nilipoijaribu nilisikiliza salamu zilezile: mume wa dada, watoto, ng'ombe mwekundu. Sikuvuka hapo. Niliogopa kuichosha kaseti ya zamani, nikawa nairudisha nyuma kila mara. Nilijifunza sauti ya mama kwa namna hiyo, vipande vya nusu dakika, na katika kila kipande nilikuwa natafuta kitu kingine.

Wifi alipiga simu Alhamisi asubuhi. Nilidhani ni baba anauliza kaseti, nikapokea nikiwa na jibu tayari.

"Wifi, njoo. Mzee amekata kauli tangu alfajiri."

Niliweka vitu vyote kwenye begi, hata chuma cha kulehemu. Njiani gari lilikwama kwenye tope jekundu baada ya Makere, tukashuka, wanaume wakasukuma. Nilisimama kando ya barabara nimekumbatia begi lisilowane, na nilikuwa nikiomba apate nafuu ya saa moja. Saa moja ingetosha. Hata nusu saa, nimwekee redio karibu na mto, mvumo uwepo usiwepo. Simu iliita wanaume wakiwa bado wanasukuma. Sikupokea. Nilijua, na nilitaka kubaki sijaambiwa mpaka gari litoke.

Alizikwa Ijumaa alasiri. Watu walikuja wengi, kutoka Murungu kwenyewe na hata Kasanda, maana nusu ya redio za upande ule zilipitia mikononi mwake. Wazee waliniambia baba alinisifu sana, kwamba alikuwa akisema bintiye amempita kwa ufundi. Niliitikia. Kaka alifika Jumamosi akakuta kaburi.

Siku ya kuondoa matanga ilipokwisha, watu wakatawanyika, kaka akawasindikiza wazee, tukabaki mimi na wifi tukikusanya sufuria. Alasiri ilikuwa ya mawingu mazito, baridi ile ya kwetu inayoingia kwenye magoti. Wifi aliona begi langu pale kwenye kona.

"Hiyo kaseti," akasema, "unarudi nayo Kasulu?"

Hakusema kwa ubaya. Nikatoa redio, nikaiweka mezani, nikatoa bodi ya tatu ndani ya boksi lake, nikatafuta soketi. Umeme haukuwepo. Ulikuwa umekatika tangu asubuhi na sisi hatukutambua.

"Basi tena," nikasema.

Wifi aliinuka. Alijifunga kanga, akatoka, akarudi kutoka dukani na betri kubwa za tochi, sita. Akaziweka mezani mbele yangu. Nilizitazama. Betri sita zinatoa volti tisa. Nilikunja kipande cha boksi kikawa bomba, nikazipanga humo moja baada ya nyingine, nikazibana kwa mpira wa tyubu, nikaunganisha nyaya mbili mpaka kwenye plagi ya lile tundu la adapta la redio. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Ningeweza kufanya hivyo siku yoyote. Ningeweza kufanya hivyo siku ya kwanza kabisa, baba akiwa amekaa pale nje kwenye kiti cha kamba.

Betri haina mvumo. Hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Umeme wake unatoka umelala, hakuna transfoma, hakuna dayodi, hakuna njia ya hasi ya kulaumu.

Nikabonyeza. Mvumo ukaja, uleule, kisha mama akasema "Amahoro, dada."

Sikuweza kuzima. Mama alisalimu watoto, ng'ombe, goti la mkwe, akapita pale nilipokuwa nikimkatiza, akaendelea kwa mchungaji na mke wake na mtu mmoja wa mashua na mwingine aliyekuwa ameahidi mbegu za maharage. Wifi alikaa kwenye mkeka akiwa na sufuria mapajani, hasugui. Salamu zilichukua muda mrefu sana. Kisha mama akasema kwa sauti nyingine, ya mtu aliyegeuza kichwa:

"Baba watoto, hiki kinachovuma ni nini?"

Na sauti ya mwanaume, mbali kidogo na maikrofoni, sauti yenye nguvu, isiyo na pumzi fupi, ikajibu:

"Ni adapta yangu. Nimehangaika nayo tangu juzi, imenishinda. Wewe sema tu, atakusikia."

Mama alicheka. Alicheka kwa muda, na baba akacheka naye. Kisha akarudi kwenye maikrofoni, akamwambia dada yake kwamba shemeji yake amekubali kushindwa, kwa hiyo wasimsubiri tena, sasa amweleze jambo lililomfanya arekodi. Akaanza kueleza. Ilikuwa habari ya shamba, na ya mtoto mdogo mwenye kikohozi, ambaye alikuwa mimi.

Wifi aliweka sufuria chini.

"Kumbe mvumo ulikuwa wa mwenyewe mzee," akasema. "Hakukuambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Mara mbili."